Mkanda Uliopakwa Sabuni

Siku niliyomfumania mume wangu, hakuwa na mwanamke.

Alikuwa na sabuni!

Sabuni yangu ya mche, ile ya kufulia. Kainama ndani ya boneti ya gari, makalio juu, kanzu kaifunga kiunoni, anasugua... anasugua... kama anamwogesha mtoto.

Jua ndiyo kwanza linachungulia. Mimi nimetoka na ndoo yangu, nikasimama hapohapo.

"Baba Hanifu!"

Aliruka, kichwa kikagonga boneti. Ngwaa!

"We Stara! Utaniua!"

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Tangu lini gari likaoshwa matumbo, mgongo ukaachwa na vumbi?"

Akaificha sabuni mgongoni.

Jamani, mwanamume ukimkamata na mwanamke, maneno anayo. Atakwambia ni dada, ni mteja, ni shetani kampitia. Lakini umkamate na sabuni... hana uongo wowote aliouandaa.

Hapo nikajua naibiwa. Naibiwa nini, ndiyo sikujua bado.

Ngoja niwaweke sawa kwanza, msije mkaachwa njiani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mazao hayapitii tena ushirika peke yake, kila mwenye mizani ni mfanyabiashara. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumwagika Dodoma. Nikauza kiwanja nilichoachiwa na mama yangu, tukanunua pikapu.

Narudia kwa faida ya waliokuwa wanajikuna: KIWANJA CHA MAMA YANGU!

Lakini kwenye kadi ya gari likaandikwa jina la mume wangu, Rajabu. Shangazi zake walisema, "Mke akiandikwa kadi, mume ataandikwa wapi?" Nami nikajifanya mwali mwenye adabu, nikanyamaza.

Tukawa tunanunua karanga na ufuta barabara ya Haneti. Yeye usukani, mimi debe.

Sasa injini ya gari lile ilikuwa na mkanda mmoja mrefu, umejipitisha kwenye mapuli, vile vigurudumu vya mbele ya injini, kama nyoka kwenye matawi. Huohuo unazungusha pampu ya maji, huohuo unachaji betri, huohuo unalainisha usukani. Ukifa huo, nyumba nzima imefiwa.

Na ulikuwa unalia.

Kiiiiiiiii!

Asubuhi kukiwa na baridi ndiyo usiseme. Tukipanda kilima unalia, tukikata kona unalia. Lakini Rajabu hakukubali kuubadilisha, na sababu alikuwa nayo. Watu wa Haneti walituzoea kwa mlio ule! Wanunuzi wengine walipiga honi, walipiga mayowe, sisi wala. Tukifika tunakuta akina mama wameshatoka na magunia barabarani.

Kulikuwa na Mgogo mmoja, mama Yudith, mkulima hodari. Alikuwa akitupokea kwa kicheko na salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, mama! Tumewasikia tangu kule bondeni. Nikamwambia mume wangu toa magunia, Mliaji anakuja."

Mliaji! Gari langu likapewa jina kama mke mwenye kisirani.

Rajabu alifurahi mno. "Unaona? Ule mkanda ndiyo biashara. Ukiubadilisha watajuaje tumefika?"

Haya. Mtu anayesema mlio ni biashara... sabuni ya nini alfajiri?

Ijumaa, Rajabu alipokwenda msikitini, nikamwita fundi Nikodemo uani. Alikuwa na gereji yake mtaa wa pili. Akafungua boneti, akaugusa mkanda, akanusa vidole.

"Mama Hanifu, mbona gari lako linanukia nguo safi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Limepakwa sabuni lisilie. Wapo wanaopaka mshumaa. Litanyamaza siku mbili tatu, lakini umemziba mgonjwa mdomo, hujamtibu."

Akaupinda mkanda kwa kidole nione upande wa ndani.

"Tazama nyufa hizi zinazokatiza. Ufa ukiwa huku na mwingine kule, bado unavumilika. Zikikaribiana namna hii, badilisha. Pembeni nyuzi zikichomoza, badilisha. Ukiona unang'aa kama kioo, ujue haushiki tena, unateleza. Na hapa... aisee!"

"Nini?"

"Kipande kimeshabanduka. Huu usingoje hata safari moja."

Rajabu aliporudi nikamwekea chakula, kisha nikamwekea na maneno.

"Mume wangu, mkanda ubadilishwe leo."

"Nani kakwambia?"

"Fundi. Una nyufa, umebanduka."

"Fundi anatafuta kazi. Halafu wewe mwanamke, gari umelijulia wapi?"

"Kiwanjani kwa mama yangu."

Akasukuma sahani. Wali wangu wa nazi, akausukuma! Nikausogeza upande wangu, nikaumalizia. Hasira ni zake, wali ni wangu.

Jumamosi asubuhi akaniambia, "Leo nakwenda Haneti peke yangu. Nafuata mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa mtu."

"Rajabu, mkanda ule hautakurudisha."

"Mdomo wako!"

Akawasha. Gari likatoka kimya, laini, kama siyo letu. Nikaona kabeba kanzu mpya kwenye mfuko.

Vumbi halijatua, jirani yangu Mwajabu huyo mlangoni.

"Hodi shoga! Gari lenu siku hizi lina adabu!"

"Adabu gani?"

"Linapita Ipagala kimyakimya, linaegeshwa uani kwa mzee Rahimu. Na leo pale wamefunga turubai. Masufuria yako nje."

"Kuna msiba?"

Mwajabu akanitazama kwa huruma ile ya mtu anayefurahi kidogo.

"Upo, shoga. Wako."

Nikajifunga khanga, nikaenda.

Nimefika Ipagala nimekuta pilau linanukia hadi barabarani. Wanawake wakanikaribisha, hawanijui. Nikapita moja kwa moja hadi chumbani kwa bibi harusi. Sabiha, binti wa mzee Rahimu. Mzuri, siwezi kumsingizia. Hina hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hongera. Mahari umetaja nini?"

Akacheka, akaficha uso.

"Gari, dada. Pikapu."

Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Pikapu?"

"Eee. Baba alisema tusidanganywe na magari ya mtumba, akaagiza lije alikague. Limekuja asubuhi kadhaa, kaliwasha, kalisikiliza. Akasema hili zima kabisa, halina hata mlio!"

Wasomaji wangu... mmeelewa?

Sabuni haikuwa ya kunificha mimi. Mimi nilishazoeleka, kama jiwe la kunolea kisu. Ile sabuni ilikuwa ya kumdanganya mkwe!

Mke wa pili? Dini imemruhusu. Ningenuna, ningesusa, mwisho ningepika. Lakini kiwanja cha mama yangu kiwe mahari ya mwenzangu?!

"Mdogo wangu," nikasema, "hilo gari ni langu."

"Dada... wewe ni nani?"

"Mkewe."

Mikono ya hina ikabaki hewani. Kisha akaita, "Babaaa!"

Mzee Rahimu akaja na miwani yake. Mtu wa biashara, babu zake walipita hapa na misafara wakaona penye faida wakabaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mama, kadi nimeishika kwa mikono yangu. Imeandikwa Rajabu. Wewe unayo karatasi gani?"

Sina.

"Shahidi?"

Mama yangu. Yuko makaburini.

"Basi kaa ule, mama. Mwenye gari yuko njiani anakuja."

Nikakaa. Nikala pilau. Nisile kwa nini? Mchele ule bila shaka ulibebwa na gari langu.

Lakini kila tonge lilishuka kama mchanga. Hebu nisaidieni mwenzenu. Mkanda ukivumilia, gari linafika, shehe anaozesha, pikapu inakuwa ya Sabiha. Mkanda ukikatika, gari linaungulia porini, halitakuwa la mtu yeyote.

Mngeomba dua gani?

Mimi niliomba zote mbili. Nikisema "Ya Rabbi, gari lifike," machozi yananitoka. Nikisema "Ya Rabbi, mkanda ukatike," machozi yaleyale.

Alasiri ikaingia. Shehe akaja, akakaa, akanywa chai. Akatazama barabara. Akanywa nyingine. Wapishi wakaanza kunong'ona. Sabiha akatoka kusimama dirishani, hina imeshakauka mpaka inapukutika.

Jua likiwa linaelekea kuzama, lori la mkaa likasimama mbele ya turubai.

Akashuka mbuzi.

Akashuka mbuzi wa pili.

Akashuka Rajabu! Ile kanzu mpya, nyeusi tii kwa mkaa. Meno tu ndiyo yaliyobaki bwana harusi.

"Asalaam aleikum," akasema.

Mzee Rahimu hakuitikia.

"Gari liko wapi?"

"Mzee, limepata hitilafu ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Limezima."

"Si liwashwe?"

"Haliwaki."

Utingo wa lori akachungulia juu ya magunia, mbea wa kuzaliwa yule.

"Mzee usidanganywe! Injini imekaangika! Tumemkuta moshi unafuka, mkanda vipandevipande. Mwenyewe katuhadithia kila kitu. Taa ya betri imewaka, yeye twende. Usukani umekuwa mzito kama wa trekta, yeye twende. Mshale wa joto umefika mwisho... twende! Eti anawahi harusi!"

Watu wakaguna turubai zima.

"Ulikuwa usimame," mzee Rahimu akasema polepole.

"Nilidhani nitafika."

Ndipo akaniona. Nimekaa mkekani, sahani mapajani, namtazama. Akawatazama mbuzi kana kwamba watamsemea.

Sabiha akasogea mlangoni. Mtoto yule alikuwa na sauti, jamani.

"Baba, mahari ni haki yangu na nimeitaja. Siipokei ikiwa mzoga."

Shehe akavaa viatu.

Na mzee Rahimu, mtu wa biashara, akanigeukia mimi. Akavua miwani.

"Mama, samahani. Ulisema kweli. Gari ni lako, kalichukue."

Mmeona dunia? Likiwa zima, sina karatasi. Limekufa, nina haki zote!

Kisha akamwonyesha Rajabu kwa kidevu.

"Na huyu naye ni wako. Mchukue."

Fundi Nikodemo alikwenda na mimi kesho yake tukaliangalia. Akapiga magoti, akainuka akijifuta mikono. Hedi, kile kifuniko cha injini, imepinda, injini imenoki haizunguki, maji hakuna hata tone. Mkanda mmoja ambao ungebadilishwa uani kwangu, kabla chai haijapoa.

Haneti waliendelea kusikiliza barabara msimu ule wote. Mama Yudith alinisimulia baadaye kwamba siku ile Mliaji alipita hakuna aliyetoka. Hawakusikia kitu. Wakajua tu kwamba kuna gari la mtu limepita na mbuzi.

Sasa nyinyi mnaosoma haya, sikilizeni bibi yenu.

Mkanda ukilia, usiupake sabuni. Fungua boneti asubuhi injini ikiwa baridi, uangalie kwa macho yako. Nyufa zikikaribiana, ukibanduka, uking'aa, badilisha ukiwa bado nyumbani kwako. Na ukikukatikia njiani, ukaona taa imewaka na mshale unapanda, zima hapohapo ushuke. Hakuna harusi, hakuna mnada, hakuna bosi wa kumkaangia injini.

Na nyinyi mabinti: mali ikinunuliwa kwa kiwanja cha mama yako, jina lako liandikwe. Anayesema mume ataandikwa wapi, mwambie ukutani pana nafasi.

Haya, najua mnachokisubiri. Siku ileile ya harusi nilitangulia nyumbani, nikajifungia mlango wa uani. Haukupita muda nikasikia, ko ko ko.

"Nani?"

"Mimi mumeo. Stara, fungua. Nimerudi."

"Umerudi na nini?"

Mbuzi wakalia nyuma yake.

"Nimerudi... na mimi mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikakaa chini. Nimeshinda mchana kutwa naombea gari, nikaletewa dereva!

Mnauliza nilifungua?

Nilifungua. Mbuzi walikuwa na kiu.

Wakaingia wao.