Nyasi Zilizokufa Maisaka

Safari hii maiti ilikuwa ya nyasi.

Inspekta Amira Shomari alisimama kwenye mstari wa pembeni wa uwanja mpya wa mazoezi, Maisaka, akazitazama. Karibu nusu ya uwanja ilikuwa imekauka kabisa, rangi yake kama mabua yaliyosahauliwa shambani. Watu walikuwa wamejipanga nje ya uzio, kimya, wengine wamevua kofia. Inspekta alikuwa ameshuhudia misiba ya binadamu iliyopata heshima ndogo kuliko hiyo.

Usiwacheke. Tangu itangazwe kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja AFCON, Babati haikuwa Babati ile. Mechi hata moja haikupangwa kuchezwa hapa, lakini mji uliambiwa kwamba timu mojawapo itakayochezea Arusha huenda ikaweka kambi Maisaka, ilimradi nyasi ziwe nzuri. Ilitosha. Wenye nyumba za wageni walinunua magodoro mapya. Vinyozi walichora bendera ukutani. Wauza mayai walishaanza kujifunza Kifaransa cha kuitia wateja. Wakaguzi wa mashindano walikuwa wanakuja Jumatatu, na sasa hili.

"Kesi imekwisha, Afande," alisema Koplo Damiani. "Mtu tunaye."

Kweli walikuwa naye. Remigius, mkulima, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa mahabusu tangu juzi. Uwanja ule ulikuwa shamba la familia yake kabla hawajahamishiwa Sigino. Mama yake mzazi, kabla ya kufa, aliomba azikwe Maisaka, mahali alipozalia wanawe. Ofisi ya halmashauri ikakataa, kwa sababu huwezi kuzika mtu kwenye eneo la penalti. Akazikwa Sigino. Na pale kaburini, mbele ya umati, Remigius akasema, "Tuone kama nyasi zao zitaota."

Wiki mbili hazijaisha nyasi zikakauka. Ghalani kwa mzee huyo, Damiani akakuta chupa ya dawa ya kuua magugu. Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka jalada lifike mahakamani Ijumaa, ili wakaguzi wakija wakute mhalifu ameshapatikana. Hati ya kumweka Remigius ndani ilikuwa na sahihi ya Amira. Aliitia haraka, akiwa amesimama, na tangu siku hiyo sahihi yake mwenyewe ilikuwa inamkosesha raha.

Alirudi kituoni, akaagiza mtuhumiwa aletwe.

"Shikamoo, Mzee Remigius."

"Marahaba."

"Ulipulizia dawa uwanjani?"

"Sikupulizia."

"Chupa ghalani ni ya nani?"

"Yangu. Msimu huu ingia ghala lolote la Sigino, utaikuta."

"Yale maneno ya kaburini uliyasema?"

"Niliyasema."

"Ulitaka nyasi zife?"

Mzee aliangalia vidole vyake vilivyopasuka kwa jembe.

"Nilitaka. Na nilipoambiwa zimekufa, nilifurahi, Afande. Mama bado hata udongo wake haujatulia, mimi nafurahia nyasi. Kama kuna kifungu cha hilo, andika."

"Hakuna kifungu cha hilo."

"Basi kingekuwepo." Akainua macho. "Nyumbani msiba haujaondolewa. Mimi ndiye mkubwa, bila mimi hawawezi kuuondoa. Watu wamekaa tu wananisubiri. Mama yangu hapumziki."

Amira aliifunga kalamu. Alishawahi kuhoji waongo wa kila namna, na huyu hakufanana na hata mmoja wao. Mwongo hujitetea. Huyu alikuwa anatafuta adhabu ya kosa ambalo serikali haina habari nalo.

Alasiri alirudi Maisaka na Damiani. Aliingia uwanjani kupitia goli la upande wa ziwa, akatembea taratibu, ameinama. Baba yake aliuza pembejeo Bagara kwa miaka mingi, na Amira alikulia nyuma ya kaunta ile, akinusa dawa za mimea kabla hajajua kusoma. Nyasi zilikuwa zimekufa kwa mistari. Mistari yenyewe ilinyooka, mmoja umegusana na mwenzake, hakuna hata kipande kilichorukwa. Kwenye goli la ziwani zilikuwa zimekufa hadi mizizi. Kuelekea katikati zilikuwa za manjano tu. Baada ya hapo zikaanza kupata uhai, na mbele ya goli la pili zilikuwa kijani kibichi, zinapendeza.

"Damiani, wewe ukimchukia mtu, ukaja usiku kuua nyasi zake, utapanga mistari hivi?"

"Hapana. Nitamwaga nikimbie."

"Na utapunguza sumu kila unaporudi kuchota maji?"

Koplo alikuna shingo.

"Bomba la kwanza la kupulizia limeua," alisema Amira. "La pili limeumiza. La tatu na kuendelea yamezidi kuwa maji safi. Aliyefanya hivi hakujua anaua. Alidhani anazirutubisha, na dawa ilikuwa imebaki ndani ya bomba."

Mtunza nyasi aliitwa Xaveria, mwanamke wa makamo kutoka milima ya Mbulu, aliyezipanda nyasi zile kwa mikono yake na kuzimwagilia kiangazi kizima. Walimkuta stoo, ameketi juu ya mfuko wa mbolea. Alipoona bomba la mgongoni likishushwa ukutani, alianza kulia kabla hajaulizwa kitu.

"Ulipulizia lini mara ya mwisho, mama?"

"Jumatatu. Ile iliyofuata mazishi ya Sigino. Nilipulizia mbolea ya maji, nikaanzia goli la ziwani."

"Bomba ulilikuta tupu?"

"Lilikuwa na kitu ndani, kama theluthi. Nikajua ni mbolea ya wiki iliyopita. Sisi mbolea hatumwagi, Afande. Nikajazia humo humo."

"Kwa nini hukusema?"

"Sikuelewa mpaka zilipoanza kukauka kwa mistari yangu mwenyewe. Mkono huu ndio umeziua. Nikasema nikifungua mdomo nitafungwa mimi. Halafu mkamkamata yule mzee, nikashindwa kula."

Amira alimwuliza kama bomba lile huwa linaazimwa. Xaveria akajibu haraka kwamba bomba la serikali haliazimwi. Akapangusa macho, akaongeza kwa sauti ndogo kwamba ila linaazimwa. Mlinzi analichukua, fundi wa pampu analichukua, msimamizi analichukua, majirani wanaliomba. Msimu wa kupanda ukianza, nani ana bomba lake?

Damiani alichukua sampuli ya mabaki ndani ya bomba kwa ajili ya maabara. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Msimamizi wa uwanja, Theodory, aliwapokea ofisini kwake kwa soda baridi. Ndiye aliyekuwa shahidi mkuu dhidi ya Remigius, kwa kuwa alikuwa pale kaburini na aliyasikia yale maneno. Alikuwa mtu anayependwa, mwepesi kusaidia, na tangu habari za mashindano zianze alivaa jezi ya taifa hata kanisani. Siku hiyo jezi ilimpwaya. Alisema bomba halijawahi kutoka stoo, hata siku moja, na akaomba liandikwe hivyo. Likaandikwa, akatia sahihi.

Kesho yake asubuhi Amira alikwenda Sigino bila sare, amejifunga khanga, kutoa pole. Hilo angepaswa kulifanya kabla ya kumkamata mtu, na alijua. Turubai la msiba lilikuwa bado limesimama. Chini yake walikaa wanawake wachache waliochoka, na mke wa Remigius, Rosemary, anayeitwa na wote Mama Valence, alikuwa anapepeta mchele. Alimpokea vizuri, akampa kiti, akamletea chai. Ukarimu ule ulimwuma Amira kuliko matusi.

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa. Mume wangu anakula huko?"

"Anakula kidogo."

Mbele yao, ng'ambo ya ua, kulikuwa na shamba linalosubiri kupandwa. Amira alilitazama mara moja, akaweka kikombe chini, akalitazama tena. Upande wa chini magugu yote yalikuwa yamekauka. Upande wa juu yalisimama mabichi, yanafika magotini. Mpaka kati ya pande hizo haukuwa mwisho wa shamba wala mwisho wa tuta. Ulikatikia katikati ya tuta, ghafla, kana kwamba mpuliziaji ameitwa.

"Mama Valence, lile shamba mbona limepuliziwa nusu?"

"Lile la Baba Hope? Alikuwa anapulizia asubuhi ile mama alipokata roho. Tulipopiga yowe akatua bomba pale pale, akaja mbio. Kwetu mtu akifa, hakuna anayegusa kazi ya shamba mpaka azikwe."

"Hakurudi kumalizia?"

"Angerudi saa ngapi? Ndiye aliyechimba kaburi. Udongo wetu una mawe, vijana walishindwa, akaingia yeye mpaka chini kabisa, hakutoka mpaka lilipokamilika." Rosemary aliacha kupepeta. "Yule mtu Mungu amlipe. Hata Baba Valence alivyokamatwa, ndiye pekee anayeleta kuni."

"Baba Hope jina lake hasa nani?"

"Si Theodory? Yule bosi wa uwanja wenu."

Amira alijikuta hawezi kumtazama yule mama usoni. Akaaga.

Theodory alikuja kituoni mwenyewe alipopigiwa simu. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Remigius. Damiani alimsomea onyo kwamba halazimiki kusema, na akisema, maneno yake yanaweza kutumika mahakamani.

"Jumamosi ya msiba ulikuwa unapulizia nini shambani kwako?"

"Dawa ya magugu."

"Kwa bomba la nani?"

"La uwanja."

"Ulisema halijawahi kutoka stoo."

"Nilisema."

"Lilirudi lini?"

"Jumapili, baada ya mazishi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshusha mzigo mahali pasipofaa. "Nilikuwa na udongo wa kaburi mpaka kwenye nywele. Nilichoka. Nikalipitia shambani, nikalitundika stoo, nikaenda kulala. Kuosha sikukumbuka. Haki ya Mungu, sikukumbuka."

"Ulikumbuka lini?"

"Nilipoona mistari."

"Remigius alikuwa ameshakamatwa?"

"Bado."

Theodory aliuvuta ukosi wa jezi yake kama unaomkaba.

"Mwanzoni niliogopa kazi. Mali ya umma nimeipeleka shambani kwangu, wakaguzi wanakuja. Nikasema nitasubiri kidogo. Halafu mji ukaanza kumtaja Remigius, hata sijafungua mdomo. Mkaja kuniuliza alisema nini kaburini, nikawaambia. Kila neno nililowaambia siku ile lilikuwa la kweli, Afande. Nikajipa moyo kwamba sijamsingizia mtu."

"Ukajua hakufanya."

"Nikajua. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kusema. Nikawa napeleka kuni." Alifuta uso. "Watu walikuwa wanalia pale uzioni. Walitaka adui. Ningesimamaje mbele yao niseme hakuna adui, ni mimi tu, sikuosha bomba?"

Damiani aliandika yote mpaka neno la mwisho. Mtu aliyefunga kesi asubuhi na mapema huwa na mengi ya kufikiria jioni.

Amira alimfungulia Remigius mlango wa mahabusu kwa mkono wake. Alimweleza yote, akamwambia, "Nilitia sahihi bila kutazama. Nisamehe, mzee." Mzee alitikisa kichwa kidogo, si kusamehe wala kukataa, akaomba amwone Theodory.

Walitazamana. Theodory alianza kupiga magoti, Remigius akamzuia kwa kiganja.

"Nilipofurahi nyasi zilipokufa, na mimi nilikosa," alisema. "Hilo ni langu na Mungu. Lako sina la kukuambia leo." Alivaa kofia yake. "Jumamosi tunaondoa msiba. Nitaita majina ya waliochimba kaburi la mama, mmoja mmoja, niwashukuru mbele ya watu. La kwako litakuwa la kwanza, maana wewe ndiye uliyefika chini. Nikiita, usimame."

Akatoka. Nje walimsikia akiuliza njia fupi ya kufika stendi ya bodaboda.

Theodory alibaki ameshika ukingo wa meza. Amira alimsomea makosa: kutumia mali ya umma bila idhini, na kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Akamwuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa. Afande, naomba uniweke ndani."

"Makosa yako yana dhamana."

"Sitaki dhamana. Niweke mpaka Jumapili. Jumapili tu, halafu fanya unavyotaka."

Amira alivuta hati ya dhamana. Safari hii aliketi, akaisoma neno kwa neno, ndipo akatia sahihi.

"Nenda nyumbani, Baba Hope," alisema. "Jumamosi ni keshokutwa."