Kurasa Ambazo Hadijah Hakuzisoma

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kufagia ua, Hadijah aliketi mkekani katika nyumba ya shangazi yake, mtaa wa Awindiri mjini Arua, akatoa kishikwambi mkobani. Kilikuwa kishikwambi cha kusomea vitabu tu. Hakikuwa na michezo wala muziki, na kioo chake kilifanana na karatasi yenye maandishi meusi. Shule yao ilikuwa imepata vishikwambi vya kutosha darasa la sita, na wanafunzi waliruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Sharti lilikuwa moja: kila mtu asome kila siku, kisha aandike daftarini idadi ya kurasa alizosoma.

Hadijah alikiwasha, akakitazama kidogo, akakizima. Kisha akafungua daftari na kuandika: kurasa kumi na tano.

Mwanzoni alikuwa na nia njema. Alichagua kitabu kinene cha Kiingereza kwa sababu rafiki yake Peace, msomaji hodari kuliko wote darasani, alikuwa amekichagua hicho hicho. Hadijah alifika ukurasa wa nne, akarudia sentensi moja mara tano bila kuielewa, akachoka. Kesho yake hakukifungua. Mwalimu Alionzi alipopita kukagua madaftari, Hadijah aliona haya kuonyesha nafasi tupu, akaandika kumi upesi upesi. Mwalimu akamsifu. Tangu siku hiyo kuandika uongo kukawa rahisi kuliko kusema kweli.

Sifa zake zilifika hata Koboko, alikoishi baba yake, Nasiri, pamoja na mama na wadogo zake. Nasiri alizaliwa katika kambi ya jeshi, akaacha shule darasa la tatu, na kazi yake ilikuwa kupakua malori. Shangazi Shamira, dada yake, alipompigia simu kumpa habari za binti yake, Nasiri alifurahi mno. Aliwatangazia wapakuzi wenzake kwamba Hadijah amekwisha kusoma kurasa mia mbili za kitabu kimoja.

Jumanne moja asubuhi, lori la mbao lilirudi nyuma ghafla wakati likipakuliwa. Wenzake waliruka. Nasiri hakuwahi. Alikimbizwa Arua kwa gari la wagonjwa, na siku iliyofuata madaktari walimkata mguu wa kulia juu ya goti.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kukaa hospitalini. Kwa hiyo shangazi alimuuguza mchana, na Hadijah alikwenda kila siku baada ya shule. Alimkuta baba amegeukia ukuta. Hakulia wala hakulalamika, lakini hakuzungumza, na uji ulipoa kando ya kitanda bila kuguswa. Hadijah hakujua aangalie wapi, maana shuka lilikuwa limelala bapa mahali ulipopaswa kuwa mguu.

Siku ya sita Nasiri aligeuka.

"Soma ile kitabu yako," alisema. "Ile ya kurasa mia mbili. Mimi nataka kusikia."

Hadijah alitoa kishikwambi, akafungua ukurasa wa nne na kusoma kwa kukwama kwama. Baba yake, ambaye hakujua Kiingereza sana, alimwambia aache, amsimulie tu kwa Kiswahili kutoka mwanzo. Hadijah akaanza kubuni. Alisema kulikuwa na kijana aliyekwenda kutafuta kazi. Baba akauliza jina lake, naye akasema James. Baada ya muda mfupi alijisahau akamwita Enoch.

Nasiri alimkazia macho.

"Hii kitabu wewe hujasoma," alisema taratibu.

Hadijah alizima kishikwambi.

"Mimi niliambia watu," baba yake akasema, kisha akageukia ukuta tena.

Jioni ile alikataa uji na chai. Shangazi alidhani ni maumivu, akaenda kumwita muuguzi. Hadijah alijua kwamba si maumivu peke yake. Walipokuwa wakirudi Awindiri alitembea nyuma ya shangazi njia nzima ili asiulizwe kitu.

Kesho yake alifika shuleni kabla ya kengele, akamtafuta Mwalimu Alionzi na kumweleza yote. Mwalimu alichukua kishikwambi akakifungua. Chini ya ukurasa kilionyesha kwamba msomaji amemaliza sehemu mbili tu katika mia. Hakupandisha sauti. Alimpa kalamu nyekundu, akamwagiza afute kwa mkono wake mwenyewe kila nambari ya uongo. Hadijah alifuta ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza, zilibaki kurasa nne tu.

"Hizi nne ni zako," mwalimu alisema. "Tuanzie hapo. Sasa niambie, kitabu hiki ulikipenda?"

Hadijah alikiri kwamba hakukipenda hata siku moja.

"Kwa nini hukukiacha? Kitabu kisichokuingia kiache, uchukue kingine. Hakuna askari atakayekufuata."

Alimwonyesha jinsi ya kukuza maandishi hadi mstari uwe na maneno machache yasiyochosha macho. Alimwonyesha pia jinsi ya kugusa neno gumu ili maana yake itokee. Kisha alimuuliza ni mahali gani alipokuwa kila siku bila kukosa. Hadijah akajibu kwamba saa kumi na moja jioni huwa hospitalini.

"Basi soma huko, saa hiyo hiyo, dakika kumi tu," mwalimu alisema. "Ukitaka kuzidisha, zidisha. Lakini kumi zisikosekane. Na ukisoma ukurasa mmoja, andika mmoja."

Hadijah alichagua hadithi fupi ya Kiswahili, ya mjane aliyechimba kisima pamoja na binti zake wawili huku kijiji kizima kikiwacheka. Jioni ile, kabla ya kusoma, alimwomba baba msamaha kwa uongo wake. Hadijah alisoma kwa sauti ndogo kwa dakika kumi, mgongo wa baba ukiwa umemwelekea, kisha akazima.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu alikosea kutamka neno moja, na sauti ikatoka ukutani: "Ni sururu. Nimeshika hiyo kitu miaka mingi." Siku ya nne Nasiri alikuwa amelala chali, uso juu.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Yakani, mkulima kutoka Dadamu, nje ya mji, aliyekuwa na ugonjwa wa kifua. Yeye pia alianza kusikiliza. Hadijah alipoingia wodini, mzee alikuwa wa kwanza kuuliza kama wale wanawake wamefikia maji. Hadithi ilipofikia mbuzi wa jirani kutumbukia kisimani, Mzee Yakani alicheka mpaka akakohoa sana, na Nasiri akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aumie. Siku hiyo Hadijah alipotazama saa ya ukutani, zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano bila yeye kujua.

Alhamisi moja alifika akakuta kitanda cha jirani kina godoro tupu. Shangazi alimwambia kwamba mzee alifariki alfajiri na watoto wake wamekwisha kumchukua. Hadijah hakutoa kishikwambi. Ijumaa pia hakukitoa. Alikaa tu, akikunja na kukunjua ncha ya shuka.

Jumamosi baba yake alimwita karibu.

"Jana hukusoma. Juzi pia hukusoma."

Hadijah alisema kwamba Mzee Yakani amekufa bila kujua kama maji yalipatikana, na kwa hiyo haikuwa na maana kuendelea.

"Hakujua," Nasiri alisema. "Lakini kila siku, saa kumi na moja, alikuwa na kitu ya kungojea. Hata mimi. Hapa ndani kuna maumivu na ukuta tu. Siku mbili imepotea, haidhuru. Leo soma."

Hadijah akasoma huku machozi yakidondoka kwenye kioo, akiyafuta na kuendelea. Mwishowe maji yalipatikana, ingawa yalikuwa machache na yenye matope. Nasiri aliomba uji akaumaliza.

Aliporuhusiwa kuondoka, mwezi ulikuwa umepita na walikuwa katika hadithi ya tatu. Likizo ilipofika, Mwalimu Alionzi alimruhusu Hadijah kwenda na kishikwambi Koboko. Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Kazi ya malori ilikuwa imekwisha, mama alianza kukaanga mihogo na kuiuza barabarani, na baba alikuwa akijifunza kutembea kwa magongo, akianguka na kuinuka. Mguu haungerudi, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo.

Lakini saa kumi na moja jioni Hadijah alisoma. Wadogo zake walisogea, mama akapunguza moto ili asikie. Siku moja, baada ya kusoma, Nasiri aliwazuia watoto wasiondoke.

"Sikieni," alisema. "Mguu yangu ilienda kwa siku moja. Mabaya inakuja hivyo, mara moja tu, bila kupiga hodi. Lakini mtoto hawezi kujua kusoma kwa siku moja, na hawezi kudanganya akajua. Inakuja kidogo kidogo, leo dakika kumi, kesho dakika kumi, mpaka siku moja unaona iko yako na unaipenda. Dada yenu alinidanganya, nikaumia moyo. Halafu akaanza tena na kurasa nne. Hizo nne mimi naheshimu kuliko zile mia mbili."

Alivuta magongo yake, akajiinua polepole, na Hadijah akamshika mkono mpaka akasimama.