Sikuja Kununua Uso

Darajani wiki ya mwisho ya Shaabani hapana pa kutia mguu, na Riyama aliingia duka la Msabah kwa kusukumwa tu. Alivaa baibui na mtandio wa manjano, na weusi wake uling'ara kwa jasho. Aliulizia udi. Msabah, kijana mweupe anayenukia miski, akampimia, kisha akamsogezea na kopo la mkorogo wa kujichubulia uso.

"Hii itakutoa, dada. Utajipenda mwenyewe."

"Nmekuja kununua udi," alisema Riyama. "Sikuja kununua uso."

Wateja wakaangua kicheko. Msabah aliona haya, lakini duka halijafungwa keshaipata namba ya Riyama. Simu hazikukatika tena. Yeye akimwita Bi Udi, na Riyama akimtania kwamba kioo kinamjua kuliko mamake. Baada ya Idi posa ikaletwa, ikakubaliwa.

Likaja begi. Kwetu begi la bibi harusi hufunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, kila kitu kinyanyuliwe kionekane. Zikatoka kanga, viatu, manukato, vigelegele juu. Chini kabisa yakatoka makopo ya mkorogo. Shangazi yake Riyama, Bi Maisara, akayabusu. Akasema huyu ndiye mume, maana weusi wote ule haupandi jukwaani.

Riyama akafunga zipu, akawaambia waliolileta walirudishe. Basi watu wa mji huu! Mtu akijichubua tunampigia vigelegele, akikataa tunasema ana kiburi.

Msabah alipiga simu hapo hapo. "Habibti, kila bibi harusi anatiliwa. Wallahi sikufikiri."

"Basi kaoe kila bibi harusi."

Akakata, akalia, maana alimpenda na hakujidanganya. Bi Maisara alimwambia atazeekea ndani. Riyama akajibu kuwa atazeeka na ngozi yake.

Haukupita muda, Msabah akaja mchana kweupe akiburura begi mwenyewe, jambo asilolifanya bwana harusi yeyote, na mtaa mzima ukamcheka. Makopo hayakuwemo. Riyama akamshika mkono mbele ya mama yake mwenyewe. Uso ulikuwa mweupe, vifundo vya vidole vyeusi tii.

"Na yako umeyatupa?"

Msabah akainama. Alieleza kuwa skuli walimwita Makaa, ndipo alipoanza kujipaka, akaishia kufungua duka.

"Kila nliyemuuzia," alisema, "nlijiambia kumbe siko peke yangu."

"Nakupenda, Msabah. Lakini siolewi na kopo. Acha, uso wako urudi, ndipo uje."

Harusi ikaahirishwa, wakabaki kuongea kwa simu tu. Watu walisema mpaka wakachoka. Uso wa Msabah ukatoka mabaka, wateja wakamkodolea macho, naye akakaa vivyo hivyo dukani akiuza udi. Jioni akimpigia Riyama kumhesabia waliomcheka, na wote wawili wakicheka zaidi.

Siku ya harusi Riyama alivaa manjano matupu, kichwa juu. Bwana harusi, mweusi, kavaa kanzu na joho, akaingizwa ukumbini kumpa mkono mkewe. Bi Maisara, aliyekuwa hajamwona tangu siku ya begi na bado akimtafuta yule kijana mweupe, akamwinamia bibi harusi sikioni akauliza huyu nani.

"Mume wangu," alisema Riyama, na wa mlangoni wakasikia. "Hata mie ndio kwanza namwona."