Kikopo Ndani ya Kabati la Vioo

Kila siku akitoka shule, Mawingu alivua viatu mlangoni, akanawa miguu, kisha akashuka ngazi mpaka chumba cha chini. Mawingu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Bibi yake ndiye aliyempa, kwa sababu ukimtuma uzi mweupe alirudi na mweusi, na siku nyingine alirudi mikono mitupu, hata alichotumwa amekisahau.

"Mwili uko hapa, mawazo yako mawinguni," Bibi alizoea kusema. Nyumba nzima ilicheka, na Mawingu naye akacheka.

Nyumba yao ilijengwa mteremkoni, juu ya mwamba. Juu kulikuwa na sebule na vyumba vya kulala. Chumba cha chini kilikuwa kimechimbwa ubavuni mwa kilima, kuta zake za mawe, na jua lilipowaka nje humo mlikuwa na ubaridi mtamu. Ndimo Bibi alimokuwa akishona nguo za watu tangu Baba akiwa mtoto wa kutambaa. Dirisha lake lilikuwa moja, dogo, karibu na dari, usawa wa njia. Ukilitazama huoni watu, unaona miguu yao tu.

Mawingu alilipenda dirisha hilo kuliko kitu chochote. Alijilaza juu ya marobota ya vitambaa akawatungia wenye miguu maisha yao. Viatu vilivyolika upande mmoja vilikuwa vya mfalme aliyeutoroka ufalme wake. Kandambili za kijani zilikuwa za mama anayemtafuta mbuzi ajuaye kuimba. Cherehani ilinguruma taratibu, mwanga ukateleza ukutani, na mchana ukapita hivyo hivyo.

Siku moja viatu vyeupe vyenye kamba nyekundu vilifika dirishani, navyo havikupita. Vilisimama. Kisha ikasikika hodi.

Alikuwa dada mmoja kijana, mtafiti wa mambo ya hewa majumbani. Watoto wa mtaa walikuwa wameshambandika jina la Dada Kipimo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Sogeza hizo suruali, mwenyewe hana haraka nazo."

Dada Kipimo aliketi, akatoa kwenye mkoba kikopo cheusi kidogo, mfano wa kikopo cha dawa ya viatu. "Tunapima gesi iitwayo radoni," alisema. "Inatoka kwenye udongo na miamba. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inapenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya kwenye vyumba vya chini kama hiki. Mtu akiivuta miaka mingi, inaweza kumletea saratani ya mapafu. Mvuta sigara ndiye aliye hatarini zaidi."

"Mimi sijawahi kuiona," Bibi alisema.

"Huo ndio ubaya wake, Bibi."

Bibi alipanda juu kumletea mgeni maji ya kunywa. Dada Kipimo akakiweka kikopo juu ya rafu, akamgeukia Mawingu. "Kikae hapa hapa, wazi, kwa miezi mitatu. Kisihamishwe wala kufunikwa. Umesikia?"

"Nimesikia. Na mkikuta gesi ni nyingi, mtatufungia chumba?"

"Tutaona," Dada Kipimo alijibu, huku anafunga mkoba.

Neno hilo "tutaona" lilimwingia Mawingu moyoni kama mwiba. Wakubwa wakisema tutaona, mara nyingi wameshaona.

Mlangoni, mgeni aliagana na Bibi kwa neno moja tu. "Tafadhali, Bibi, mkitunze sana."

Naye Bibi alikitunza. Kwake yeye, kitu cha watu hakiachwi rafuni kikashika vumbi. Alikipangusa, akapanda nacho sebuleni, akakiweka ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile chenye maua ya manjano, akafunga kabati kwa ufunguo.

Mawingu aliyaona yote hayo. Alifumbua kinywa aseme, akakifumba. Kikikaa huko juu, alijisemea, hakuna atakayenifungia dirisha langu.

Miezi ikapita. Dada Kipimo alikuja siku Bibi akiwa sokoni, na Baba, ambaye ni mwashi, akamkabidhi kikopo mlangoni. Baadaye ukaja ujumbe kwamba radoni ilikuwa kidogo sana. Bibi alifurahi mpaka akapiga vigelegele.

"Basi nahamishia na kitanda huko chini," alisema. "Ngazi hizi zinanimaliza magoti. Nitashona humo, nitalala humo."

Kila mtu aliona ni wazo zuri. Mawingu peke yake hakuliona hivyo. Alishuka chini, akajilaza juu ya marobota na kutazama dirishani, lakini miguu iliyopita siku hiyo ilikuwa miguu tu. Macho yakawa mazito. Akaota kikopo kimekaa kwenye kiti cha cherehani, kimejitanda kile kitambaa cha maua ya manjano.

"Niulize hewa ya kabatini, nitakujibu," kilisema kwa upole. "Vikombe vyenu ni vizima kabisa. Habari za huku chini mimi sizijui."

Alipozinduka, Bibi alikuwa ameinama anapima mahali pa kuweka kitanda, futi yake ya kushonea mkononi. Nyuma ya miguu yake, ufa mrefu ulikatiza sakafu kutoka ukuta hadi ukuta. Mawingu alikuwa ameuruka ufa ule kila siku. Leo aliuogopa.

"Bibi," alisema, na machozi yakamtangulia. "Kile kikopo kilitakiwa kikae hapa. Aliniambia mimi, ukiwa umekwenda kuleta maji. Nilinyamaza ili chumba kisifungwe."

Bibi aliketi polepole kwenye kiti cha cherehani. Hakumfokea, na hilo lilimuumiza Mawingu zaidi.

"Mwite baba yako," alisema. "Kitanda kibaki juu."

Kikopo kipya kikaletwa, na safari hii kilikaa wazi juu ya rafu. Majibu yalipokuja, Dada Kipimo aliyaleta mwenyewe. Radoni ilikuwa nyingi mno.

Bibi aliitazama mikono yake. "Miaka yote hiyo, mwanangu, nimekuwa navuta nini?"

"Hatari si hukumu, Bibi. Si kila aliyeivuta huugua. Nenda ukamwone daktari, umweleze. Nasi tukiipunguza leo, hatari inaanza kupungua leo."

"Na gharama?" Baba aliuliza, anajikuna kichwa. "Au tubomoe?"

"Msibomoe. Tumesoma tafiti za watu wengi na kuzilinganisha. Kurekebisha nyumba mapema kuna gharama yake, lakini kutibu mapafu kuna gharama kubwa zaidi. Anza na nyufa. Kisha tupitishe bomba chini ya sakafu, lipande mpaka juu ya paa, na kifeni cha kuivuta gesi nje. Chumba kinahitaji kubadilisha hewa, Bibi."

"Hata mimi nahitaji," Bibi alisema, "lakini huyu mwanangu hajawahi kunipeleka likizo hata siku moja."

Kicheko kikawatoka wote, Baba akiwa wa mwisho.

Baba aliziba nyufa kwa saruji, na alipoziba ule mrefu, Mawingu ndiye aliyemshikia karai. Fundi bomba akamalizia kazi. Siku zote hizo cherehani ilikaa sebuleni, na Bibi alilalamika kwamba vikombe vinamkodolea macho. Walipopima tena, chini kabisa, kikopo kikiwa wazi rafuni, radoni ilikuwa imeshuka. Chumba hakikufungwa.

Jioni ile waliyorudisha cherehani, Mawingu alijilaza mahali pake. Kifeni kilivuma polepole ndani ya bomba. Kandambili za kijani zikapita dirishani, na nyuma yake, kwa bahati tu, kwato za mbuzi.

"Bibi," aliuliza, "bado umenikasirikia?"

Bibi alikata uzi kwa meno. "Tulikosea pamoja, mjukuu wangu. Mimi niliambiwa nitunze kikopo, nikakificha. Wewe ulitaka kutunza chumba, ukaficha neno. Kuficha si kutunza. Ukweli ni kama hicho kikopo, ukiufungia kabatini haumsaidii mtu. Uweke mahali ulipo ugonjwa, hata kama unaogopa jibu lake."

Akasimama, akaokota kile kitambaa cha maua ya manjano kilichoshushwa pamoja na cherehani, akakitandika juu ya robota, chini ya kichwa cha Mawingu.

"Sasa kaniletee uzi mweupe," alisema. "Mweupe, Mawingu."

Mawingu alipanda ngazi mbio, akarudi na uzi mweupe.