Mgeni wa Ng'ambo ya Barabara

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akavuka barabara kumpelekea mjomba wake chupa ya chai. Chiriku si jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu alisema kutwa kucha, na nyumbani walidai kwamba hata usingizini hanyamazi. Mjomba alifanya kazi katika kituo cha utafiti kilichotazamana na nyumba yao. Humo mlikuwa na darubini ya kutazamia vijidudu, kubwa kama kabati, na haikuwa mali ya shule moja wala chuo kimoja. Ilikuwa ya wote, na wote waliitumia kwa zamu.

Mjomba ndiye aliyepanga hizo zamu. Wageni wa mbali aliwakatia tiketi za basi na kuwatafutia vitanda katika bweni la wageni, kwa fedha za kituo. Wa karibu walikuja kwa miguu yao. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye haya. Mjomba haya hakuwa nayo hata chembe, ila Chiriku hakuwa amelijua hilo bado.

"Mpwa wangu, Jumatatu ya likizo wewe ni mgeni wetu," alimwambia siku moja huku akichokonoa meno kwa ukucha. "Umetoka shule moja ya mbali huko. Wenyewe hawaji tena."

"Lakini mimi nakaa hapo ng'ambo, Mjomba."

"Nani atakuuliza? Au hutaki kuiona darubini?"

Alitaka sana. Alikuwa akiitamani darubini ile tangu ajue kusoma, na zamu ya watoto wa jirani ilikuwa bado mbali. Basi akakubali. Mama yake, fundi cherehani aliyezidiwa na kazi, aliambiwa tu kwamba mtoto amealikwa.

Jumatatu asubuhi mjomba alimpeleka kwanza stendi ya mabasi, akamtwika begi lililojazwa magazeti na kumbandika kifuani kadi yenye jina la ile shule. Akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Mtu wa safari hang'ai hivi," akasema.

Akatoa leso mfukoni, ile ile aliyopengea kamasi tangu juzi. Akaitemea mate, akaichovya vumbini, akampaka Chiriku mashavuni. Chiriku alifumba macho na kubana midomo. Alihisi chai ya asubuhi inapanda kooni. Mjomba alicheka tu, akamkabidhi chupa ndogo ya maji aliyoyakinga bombani, karibu na choo cha kituo.

"Ukiulizwa, sema ni maji ya kisima cha shuleni kwenu. Nauli yako nimeshaichukua, kwa hiyo usinitie aibu."

"Nauli gani, na sisi tumetembea?"

"Mambo ya wakubwa hayo, mama."

Mtu anampaka mtoto mate usoni, halafu yeye ndiye anayeogopa aibu. Wapo watu wa namna hiyo, na huvaa shati safi kama wengine.

Getini walimkuta msichana wa rika la Chiriku amekaa kwenye benchi, amepakata kisanduku cha barafu. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka pembeni mwa kisanduku hicho na kulowesha gauni lake. Baba yake alikuwa akimbembeleza mlinzi.

"Ndugu yangu, tuliambiwa safari ya shule yetu imefutwa, tukachangishana nauli tukaja wenyewe. Watoto wa kwetu wanaharisha, na tunahisi ni kisima. Barafu ikiisha, maji ya kisima tuliyoyaleta humu hayafai tena kupimwa."

Akaitaja shule yao. Ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye kadi ya Chiriku. Chiriku akaifunika kadi kwa kiganja.

Mjomba alipita mbele yao, macho makavu. "Poleni sana, mzee," alisema kwa sauti ya upole. "Nafasi zimejaa. Labda mwakani, Mungu akipenda."

Chiriku alimtazama mjomba wake huyo aliyembeba mgongoni utotoni, na kichefuchefu kikarudi upya. Safari hii hakikuletwa na leso.

Ndani, mkuu wa darubini, mama mmoja mfupi ambaye wote walimwita Daktari, aliwapanga wageni mezani. Pale kituoni walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeisogelea darubini kabla hajasimama na kueleza alichokileta, amekitoa wapi, na kwa nini anataka kukijua. Watoto walieleza mmoja mmoja, hadi zamu ikamfikia Chiriku.

"Haya, binti. Maji hayo ni ya wapi?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, akimwashiria kwa kichwa aseme na kutabasamu. Chiriku, bingwa wa maneno, alikaukiwa. Aliitazama darubini, sasa ikiwa hatua chache tu kutoka alipo. Akafikiria barafu inayoyeyuka kwenye gauni la yule msichana.

"Ya bombani, Daktari. Pale karibu na choo," akasema. "Mimi sijatoka mbali, nakaa ng'ambo ya barabara. Mwenye nafasi hii yuko getini na baba yake, na barafu yao inaisha."

Tabasamu la mjomba likakauka. Daktari akainuka. Alitoka mwenyewe mpaka getini, akarudi na msichana na baba yake. Maji ya kisima yalipowekwa chini ya darubini, picha ikaonekana ukutani. Vijidudu vyenye mikia vilijinyonganyonga humo. Watoto wakaziba midomo, mmoja akakimbilia nje. Baba wa msichana alitoa simu, akapiga kwao. "Fungeni kisima," alisema. "Asinywe mtu hata tone. Anzeni sasa hivi."

Mjomba alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Jioni alikuja nyumbani akifoka kwamba mpwa wake amemvua nguo mbele za watu. Mama, aliyekwisha kusimuliwa yote na Chiriku, hakuacha kushona.

"Kaka, ungemkalisha mtoto wangu kwenye nafasi ya watu mpaka lini? Mpaka wazike watoto wao?"

Mjomba akajibaraguza, akaondoka bila kuaga. Chiriku alikuwa akilia.

"Nilikubali mwenyewe, Mama. Nilijua nadanganya."

"Najua, na hilo ni kosa lako," mama alisema. Alisimamisha cherehani, akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kitu cha wote ukikipata kwa mlango wa nyuma, kuna mwenzio amefungiwa mlango wa mbele. Wengi wetu hatumwoni, ndiyo maana tunalala usingizi. Wewe umemwona, na ukasema. Kesho utakwenda kwa Daktari, uombe zamu ya watoto wa jirani, usubiri kama wenzako."