Daraja Lililosubiri Mkasi

Kila asubuhi shuleni kwetu huanza kwa kengele, na kengele huanza kwa mimi kujifunika shuka hadi kichwani. Kisha hufuata foleni ya ndoo bombani na ugomvi wa sabuni. Siku ile, kwenye foleni, nilikuwa nikitoa huduma yangu ya kawaida kwa jamii: kuigiza sauti za wakubwa. Wenzangu huniita Redio. Naweza kuwa mwalimu mkuu, naweza kuwa mpishi mwenye mafua, ila majuma hayo nilikuwa zaidi mkuu wa wilaya, kwa kuwa ndiye aliyesubiriwa kufungua daraja jipya.

Daraja lenyewe lilikwisha kujengwa zamani. Zege lilikauka, kingo zikapakwa rangi. Lakini halikuruhusiwa kupitwa hata na kuku mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe, naye kila akipanga kuja, anaahirisha. Sisi tulishafundishwa wimbo mzima wa kulishukuru daraja ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga.

"Mabibi na mabwana," nilitangaza kwa sauti nzito, ndoo kichwani, "daraja hili ni mali ya wananchi, kwa hiyo wananchi wasiliguse!"

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa rafiki yangu Kijiko, msichana ambaye hucheka hata kwenye mtihani wa hesabu. Alikuwa amechuchumaa, ameshika tumbo upande wa kulia, jasho linamtiririka na baridi yote ile.

"We Kijiko, mwigizaji hapa ni mimi," nilimtania.

Akatapika miguuni pangu.

Matroni, muuguzi wetu, alimbonyeza tumbo taratibu. Alipoachia mkono, Kijiko alipiga yowe.

"Kidole tumbo," Matroni alisema. "Huyu anatakiwa kupasuliwa leo hii. Kikimpasukia ndani, usaha utasambaa tumbo zima. Mwiteni dereva! Na wewe Redio, panda umshike kichwa. Mdomo uache hapa hapa."

Hospitali iko ng'ambo ya mto. Kivuko cha mawe cha zamani kilikuwa kimemezwa na maji ya mvua, na njia ya kuzunguka milimani ingetufikisha jioni. Dereva hakuuliza mtu. Akashika njia ya darajani.

Tulikuta kizuizi cha bomba la chuma kimefungwa kwa kufuli, nyuma yake utepe mwekundu, na mbele yake mlinzi.

"Ndugu yangu, tuna mgonjwa," dereva alisema.

"Poleni sana. Daraja halijafunguliwa."

"Mbona naliona wazi mpaka ng'ambo?"

"Halijafunguliwa rasmi." Neno hilo la mwisho alilitamka kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Matroni alishusha kioo. "Baba, mtoto huyu atatufia mikononi."

"Mama, mimi pia nina watoto. Nikifungua, kesho sina kazi. Mkuu wa wilaya mwenyewe akiniambia nifungue, nitafungua."

Matroni na dereva walishuka kumbembeleza. Kijiko alikuwa amekunja magoti hadi kifuani, midomo imemkauka. "Redio," alinong'ona, "usiende mbali." Nikamwahidi. Papo hapo macho yangu yakaona vitu viwili: simu ya dereva juu ya dashibodi, na kibao cha mradi chenye namba ya simu ya mlinzi kwa maelezo zaidi. Nikateremka upande wa pili, nikajibanza nyuma ya gari.

Simu ya mlinzi ikaita.

"Mkuu wa wilaya hapa!" nilinguruma. "Kuna gari la shule limekwama hapo. Lipitishe haraka!"

Mlinzi alisimama wima, mkono paji la uso, utadhani mheshimiwa anamwona. "Ndiyo mheshimiwa! Sasa hivi mheshimiwa!" Nilisikia funguo zikilia.

Wakati huo huo Matroni alirudi garini, akamkuta Kijiko peke yake, anakabwa na matapishi. "Redio!" alipiga kelele. "Mbona umemwacha mgonjwa? Redio!"

Ukelele ule ulimfikia mlinzi kwa sikio moja kupitia hewani, na kwa sikio la pili kupitia simuni. Alizunguka gari. Akanikuta nimechuchumaa, bado nina kidevu cha kiserikali.

"Alaa!" Alirudisha funguo mfukoni. "Kumbe mnanichezea! Mtoto anaigiza mkuu wa wilaya, na huyo wa ndani anaigiza mgonjwa. Geuzeni gari!"

"Si kweli, huyu anaumwa!" Matroni alilia.

"Geuzeni, nimesema!"

Aligeuka, akaanza kuondoka. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na sauti ya mtu yeyote, hata yangu ilitoka kama ya kifaranga.

"Baba, mwongo ni mimi! Yeye hajui lolote. Njoo umwone tu. Ukikuta anaigiza, nifunge kamba unipeleke kwa mwalimu mkuu mwenyewe."

Akasita. Akarudi akiwa na hasira, akainamisha kichwa dirishani. Kijiko alimtazama bila kumwona. Mlinzi alimgusa paji la uso, akautoa mkono haraka kana kwamba ameshika sufuria jikoni.

"Nikifukuzwa je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitakwenda mwenyewe kueleza," Matroni alisema.

"Na mimi," nilisema. "Nitaeleza na ile ya simu."

Kufuli likafunguka. Utepe hakuna aliyeukumbuka, tukapita nao. Tuliingia hospitali gari limevikwa utepe mwekundu puani, kama zawadi ya harusi.

Daktari alimpasua Kijiko mara moja. Alisema kidole tumbo kilikuwa kimebakiza kidogo sana kupasuka.

Kesho yake injinia wa daraja alifika ofisini kwa mwalimu mkuu, mlinzi nyuma yake kama mshtakiwa. Nilieleza kila kitu, mpaka ile sauti nzito. Haikuchekesha hata kidogo.

"Injinia," Matroni aliuliza, "daraja lilikuwa na kasoro?"

"Hapana. Tulilipima, likafaulu." Injinia aliangalia viatu vyake. "Lilikuwa linasubiri mkasi."

"Basi mlinzi huyu asifukuzwe," mwalimu mkuu alisema. "Shule, zahanati, daraja, vyote hujengwa kwa ajili ya watu. Kikiwa tayari, kianze kazi siku hiyo hiyo. Sherehe itatukuta tukiwa tunavuka."

Injinia alikubali. Mlinzi akabaki kazini, na kizuizi kikaondolewa kabla ya jua kuzama. Mimi nilipewa choo cha bweni nikisugue muhula mzima, hukumu ambayo kwa masikitiko naikubali.

Mlangoni nilimwomba mlinzi msamaha.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilikataa kabla ya kwenda kumwangalia mgonjwa. Lakini mwanangu, uliponidanganya, ulinipa sababu ya kutokwenda kumwangalia kabisa."