Ganda Lililoachwa Nkowe

Maiti ya Bashiri, skauti wa wanyamapori, ilikutwa asubuhi ya Jumatatu moja ya Machi 1958, pembezoni mwa shamba la mtama huko Nkowe. Alikuwa amelala kifudifudi; risasi moja ilikuwa imeingia mgongoni na kutokea kifuani. Nyuma yake, juu ya tope, lilikuwapo ganda la risasi la shaba, pana, la aina iliyokuja nchini tangu enzi za Wajerumani.

Sajini Fidelis, aliyefika kutoka Nachingwea kwa Landrova, hakuhitaji kuuliza mengi. Katika eneo lote hilo, bunduki ya kupiga risasi za aina ile ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilikuwa ya Mzee Kaimu wa Malolo, mwindaji ambaye wakulima walimwita kila masika kufukuza nguruwe. Mtutu wake ulinuka baruti. Kaimu alieleza kwamba Jumapili jioni alikuwa amewafyatulia nguruwe, lakini hakuna aliyemwona. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefungwa pingu katika ofisi ya Jumbe Mikidadi.

Kisha mvua ikashuka. Daraja la magogo likazolewa na maji, na barabara ya Ruangwa ikafunikwa. Barabara ikifunguka, lori la polisi lingempeleka Kaimu Lindi kujibu shitaka la mauaji, ambalo adhabu yake ilikuwa kitanzi. Hadi hapo, mshitakiwa, mpelelezi na mashahidi walibaki chini ya bati moja, katika chumba chenye dirisha moja la nondo, wakisikiliza maji yakipanda.

Siku ya pili, Sikuzani, binti wa Kaimu aliyekuja naye Nkowe, alimletea baba yake ugali, kisha akasimama mbele ya meza ya sajini.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Sema."

"Baba yangu haachi ganda."

Fidelis alimtazama bila kuinua kichwa sawasawa. "Aliyeua mtu hana nafasi ya kuinama kuokota vitu."

"Mwenye bunduki ile anayo. Risasi zake hazijaletwa dukani tangu vita viishe. Maganda yaleyale humpelekea fundi kule Malolo, akayatia baruti na fataki upya. Likipotea ganda, bunduki inakuwa rungu. Watu wa hapa humcheka. Husema Kaimu atamwacha nyati aende zake, lakini ganda halimtoki."

"Na wewe ulitaka nimwachie kwa sababu watu humcheka?"

"Nilitaka uwaulize wanaomcheka," alisema Sikuzani.

Fidelis akawauliza. Jumbe alithibitisha, tena kwa kicheko: mwaka uliopita Kaimu aliwapangisha vijana mstari shambani wamtafutie ganda moja, huku nyama ikiharibika juani.

Alasiri alimwita Adinani wa Ruponda, mwindaji mwenye leseni, ambaye mvua ilikuwa imemzuia Nkowe pamoja na mkewe, Swaumu. Adinani aliketi kwa raha, bunduki yake mpya ikiegemea ukutani.

"Ulijifunza uwindaji kwa nani?"

"Kwa Mzee huyo huyo. Na kwa bunduki hiyo hiyo, Mungu anisamehe."

"Mbona uliiacha?"

Adinani alicheka. "Afande, nani asiyeiacha? Wenye viwanda huko Ulaya wametengeneza risasi nyingine, za zamani wakazisahau. Chache zilizobaki zimeharibiwa na joto letu: moja inalipuka, ya pili inasema 'chii' kama maharage motoni. Tena ni nzito na za polepole. Ukilenga mbali zinaanguka njiani. Jua likikaza, ganda linavimba na kung'ang'ania ndani, nawe unalisukuma kwa fimbo huku nyati anakutazama. Hii yangu inakwenda moja kwa moja. Ukivuta komeo, ganda linaruka lenyewe, wala sina haja ya kulitazama. Watoto huyaokota wakafanya filimbi."

"Kwa hiyo unadhani Mzee Kaimu alimuua Bashiri?"

"Mimi sidhani, Afande. Ganda si lilikuwa pale?"

Fidelis alimruhusu kuondoka, lakini jibu lile lilimkaa moyoni. Alilitoa ganda kwenye bahasha, akalinusa. Halikuwa na harufu ya baruti. Akavunja njiti ya ufagio, akachokonoa ndani. Kilichomwagika mezani hakikuwa tope la shamba, bali vipande vya udongo mkavu, mwepesi, pamoja na buibui mdogo aliyekauka. Nyigu alikuwa amejenga humo. Nyigu hajengi ndani ya ganda lililolipuka Jumapili na kuokotwa Jumatatu.

Akampelekea Kaimu. "Mzee, ganda hili lilikaa mahali pakavu muda mrefu. Uliwahi kumpa mtu?"

Kaimu aligusa ukingo wake kwa kidole, pingu zikilia.

"Nimefundisha watu," alisema. "Sitamtaja mtu niliyemfundisha. Nikikosea, nitamrudisha vipi?"

"Barabara ikifunguka, utanyongwa wewe."

"Nimesikia."

Sikuzani, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyesema. Wawindaji wa Malolo walikuwa na desturi: mwanafunzi akimwangusha mnyama wake mkubwa wa kwanza, mwalimu humpa ganda la risasi iliyomwangusha. Hutundikwa juu ya mlango, wala haliguswi. Baba yake alikuwa ametoa mawili. Mwenye la kwanza alikufa vitani Burma. La pili lilikuwa la Adinani.

Fidelis hakulionyesha ganda. Aliwaita wote ofisini, akamgeukia Swaumu.

"Mama, ganda la juu ya mlango wenu, huko Ruponda, bado lipo?"

"Halipo, Afande. Mume wangu alilishusha tulipokuwa tunakuja huku, Jumapili asubuhi. Nilimwambia hilo haliguswi. Akasema linataka kusuguliwa." Kisha, kwa wema mtupu, akauliza, "Kwani mmeliona?"

Adinani alitazama mlango, na nje ya mlango palikuwa na maji tu.

"Hukulisugua," alisema Fidelis. "Ungelisugua ungemtoa nyigu. Ulilitupa pale ili tumkamate Mzee, na kwa sababu wewe huacha maganda kila siku, ukaona ni jambo la kawaida. Ulisahau kwamba mwenye risasi za zamani haachi ganda."

Sauti ya Adinani ikatoka imechoka.

"Bashiri alifukua pembe za ndovu nyuma ya ghala langu. Nilikuwa nimepiga kupita leseni. Angekwenda kusema Nachingwea, leseni ingechukuliwa, na bunduki nayo. Nirudi kuokota maganda kwenye nyasi kama kuku? Jioni ile nilikuwa nimemfuata mpaka shambani, nikasikia mlio wa Mzee kwenye mtama. Nikajua wangu hautatofautishwa."

"Kwa nini mimi?" aliuliza Kaimu.

"Wakati wako umeshapita, Baba. Hata risasi zako zimekwisha."

"Zimekwisha dukani," alisema Kaimu.

Ofisi ilikuwa na pingu jozi moja. Fidelis alizifungua kwenye mikono ya mzee, akazifunga kwenye mikono ya Adinani zikiwa bado na joto. "Nilikukosea, Mzee," alisema. Kaimu aliitikia kwa kichwa, akatoka.

Hakuweza kwenda mbali. Malolo ilikuwa ng'ambo ya maji, kama Lindi, kama kila mahali. Aliketi kwenye baraza kando ya Sikuzani, mgongo ukiegemea ukuta uleule ambao Adinani aliuegemea kwa ndani, na kila mmoja aliweza kumsikia mwenzake akikohoa. Swaumu alikuwa amesimama mvuani, mtandio umemganda kichwani, kana kwamba hajui aingie upande upi.

"Sogea," Kaimu alimwambia binti yake. "Mpe mwenzako nafasi akae."